Mangina: Kabla ya kununua kitanda ya mama, pima nyumba

Mwanaume akitoka kwenye mashimo ya njia ya Biakato na pesa kidogo mfukoni, akifika Mangina kuna mambo mawili anafanyaka mbele ya yote: ananunua nyama, na anauliza bei ya matela. Nyama inaisha siku ile ile. Matela inabaki miaka, na kama ilinunuliwa vibaya inabaki miaka ikimsumbua bibi yake, si yeye. Yeye atarudi kwenye shimo kisha siku nne, tano. Mama njo analala pale kila usiku.

Tulipita Mangina kuangalia biashara hii ya vitanda, matela na mashuka, ambayo wengi wanasema ni mambo ya wanawake tu na hayastahili gazeti. Tumerudi na mawazo mengine. Familia nyingi za wachimbaji hazina kitu cha bei kubwa ndani ya nyumba kupita kitanda na vitu vyake. Kisha kitanda, njo radio ao simu, kisha masufuria. Mtu anayekosea kwenye kitanda amekosea kwenye mali ya nyumba.

Mangina iko kilomita kama thelathini upande wa mangaribi ya Beni, kwenye barabara inayokwenda Makeke, Biakato na Mambasa. Ni mji wa kakao, na ni mlango wa machimbo ya dhahabu ya upande wa Ituri. Kakao ina msimu, kwa hiyo muuzaji anajua wakati gani wateja watakuja. Dhahabu haina msimu, ina bahati. Juma moja kreseri watano wanaingia dukani na wote wanataka kile kitanda kikubwa kabisa, na kisha hapo mwezi mzima hakuna mtu. Mama anayeuza mashuka anaishi kati ya kalenda hizo mbili, ile ya kakao ambayo anaijua na ile ya shimo ambayo hata mwenye shimo haijui.

Bidhaa zenyewe zinatoka mbali. Mashuka mengi yanashonwa Asia. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu zamani kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, na mizigo yao inapita bandari ya Mombasa, Kampala, kisha mpaka wa Kasindi. Matela za eponji nyingi zinatoka Uganda kwa njia hiyo hiyo ya Kasindi. Kitanda chenyewe kinatengenezwa hapa hapa, na seremala wetu, kwa mbao za msitu wetu. Libuyu kwa mwenye nguvu, miti myepesi kwa wengine. Na hapo njo shida inaanzaka.

Seremala wetu alifundishwa kwa santimetre. Kwake kuna kitanda cha plasi moja, santimetre 90 kwa 190. Cha plasi moja na nusu, 120 kwa 190. Na cha plasi mbili, 140 kwa 190. Ni vipimo vya Wabelgiji na Wafaransa, vilivyoingia na shule za ufundi. Lakini matela ya Uganda inapimwa kwa futi, kwa sababu kule walifundishwa na Waingereza: tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Futi moja ni santimetre 30 na nusu. Ukigeuza, nne kwa sita ni 122 kwa 183. Tano kwa sita ni 152 kwa 183. Sita kwa sita ni 183 pande zote.

Sasa chukua kile kitanda cha plasi mbili ambacho kila mtu anatengenezesha, cha 140. Matela ya nne kwa sita inaacha nafasi ya santimetre 18 pembeni, na 7 kwenye miguu. Mtoto mchanga anaingia pale. Matela ya tano kwa sita inazidi kwa santimetre 12, inapanda juu ya ubao, inakunjika katikati kama chapati, na kisha miezi sita ina mgongo. Kuna ile ya futi nne na nusu, yaani 137, ambayo ingeingia vizuri, lakini si kila depo inaileta. Wakoloni wawili waliopima dunia kila mmoja kwa mkono wake wamekutana ndani ya chumba cha mama wa Mangina, na ni yeye anayelala kwenye shimo lililo kati yao.

Tena kuna mtego mwingine, na huu ni wa kwetu wenyewe. Seremala akisema kitanda ni cha 140, muulize: 140 ya nje ao ya ndani? Ubao wa pembeni ukiwa na unene wa santimetre 3, pande mbili ni 6. Mia na arobaini ya nje inabaki 134 ya ndani. Wengi hawaulizi. Wanaingia na matela, haiingii, na bwana anaanza kugombana na muuzaji, muuzaji anagombana na seremala, na matela iko inje, mvua inakuja.

Njo maana wauzaji wenye akili hawaanzi na bei. Wanaanza na maswali. Mazungumzo yanakuwaka karibu hivi:

"Karibu, papa. Unatafuta nini?"

"Minatafuta drap ya bibi yangu. Ile ya mzuri mzuri, ya maua."

"Sawa. Kitanda yake iko ya ngapi?"

"Ile ya kawaida, mama. Ya watu wawili."

"Ya watu wawili iko ya aina mingi, papa. Unilinganishie. Matela ilikuwa ya nne kwa sita ao ya tano kwa sita? Na iko munene ngisi gani, ya inchi ngapi?"

Hapo papa anakaa kimya. Anafungua mikono kuonyesha upana, kama mtu anayesimulia samaki aliyemkosa. Muuzaji mbaya atauza tu, kwa sababu mikono ile imefunguka na pesa iko. Muuzaji mwenye kujua atasema: "Piga simu kwa mama nyumbani, apime." Na kama mama hana mita?

Hapa tulijifunza kitu ambacho hatukukijua, sisi tunaojifanya wasomi. Mama mwenye kikwembe ana mita. Kikwembe cha waks kinakatwa kwa yadi mbili kila kipande. Ile komple ya yadi sita inatoa vipande vitatu. Yadi mbili ni futi sita kamili, santimetre 183. Ni urefu wa matela ya Uganda, bila kuzidi wala kupunguka. Na upana wa kitambaa cha waks unakaribia futi nne. Kwa hiyo kipande kimoja cha kikwembe ambacho hakijakatwa, kikitandikwa juu ya matela na kuifunika ukingo kwa ukingo, ile ni nne kwa sita. Kikibakiza pembeni upana wa kiganja kilichofunguliwa na kidogo zaidi, kama santimetre 30, ni tano kwa sita. Kikibakiza nusu ya upana wake, ni sita kwa sita. Mama anasema kwa simu: "Kikwembe kimeenea," ao "Kikwembe kimekosa kidogo upande," na muuzaji tayari anajua afungue furushi gani.

Tumejaribu nyumbani. Inafanya kazi. Ila usitumie kikwembe ambacho fundi alisha kata pindo, utadanganyika.

Kipimo cha matela si kipimo cha shuka

Hii ni sehemu ambayo pesa ya watu inapotea sana. Mtu anajua matela yake ni ya upana wa 183, anaona shuka imeandikwa 230 kwa 250, anafikiri imezidi sana, atabakia na kitambaa. Hapana. Shuka inafunika juu, inashuka pande mbili, na inatakiwa iingie chini ya matela. Hesabu ni hii: upana wa matela, ongeza unene mara mbili, ongeza kile kinachoingia chini mara mbili. Kwa matela ya sita kwa sita yenye unene wa inchi nane, yaani santimetre 20: 183, na 40, tumefika 223. Kwenye shuka ya 230 inabaki 7, yaani tatu na nusu kila upande. Tatu na nusu haishikilii kitu. Mama atatandika asubuhi vizuri kabisa, usiku mtoto akigeuka mara mbili shuka imetoka, na wote wanaamka wamelala juu ya eponji.

Shuka hiyo hiyo ya 230 juu ya matela ya tano kwa sita yenye unene ule ule: 152 na 40 ni 192, inabaki 38, yaani 19 kila upande. Hiyo inashika. Na kwa nne kwa sita ya inchi sita (santimetre 15), shuka ya upana wa mita mbili inatosha: 122 na 30 ni 152, inabaki 24 kila upande. Urefu nao uangaliwe. Shuka ya 200 kwa 230 kwenye matela ya urefu wa 183 na unene wa 15 inabakiza santimetre 17 tu kwa kichwa na miguu pamoja. Wamama wanaojua wanaiingiza yote upande wa miguu, na kwa kichwa wanaiacha, mto utaifunika.

Zile shuka zenye mpira kwenye pembe ni nzuri, lakini zenyewe hazisamehe. Kama ni ya inchi nane na matela yako ni ya sita, inacheza. Kama ni ya sita na matela ni ya kumi, mpira unakatika juma la kwanza. Maandishi kwenye plastiki ya nje tusiyaamini sana, maana kuna wanaobadilisha plastiki. Muuzaji mwema anakuruhusu ufungue na upime mbele yake. Akikataa, duka la pili haliko mbali.

Na musikitere? Wengi wanaisahau. Neti ya mita 1,80 kwa 1,90 inafunika nne kwa sita vizuri, tena inabaki ya kuingiza chini. Kwenye sita kwa sita inavutwa mpaka ngozi ya mtu inagusana nayo, na mbu anauma kwa nje bila kuingia. Bwana amenunua kitanda kikubwa kwa heshima ya bibi yake, na bibi anapata malaria kwenye kona. Anayeuza kitanda cha sita kwa sita bila kuuliza habari ya neti ameuza nusu.

Kisha chumba chenyewe. Nyumba nyingi za Mangina, za mbao ao za miti na udongo, zina vyumba vya mita mbili na nusu kwa tatu. Kitanda cha sita kwa sita na mbao zake kinakula karibu mita 1,90 kila upande. Inabaki santimetre 60 pembeni, na mita moja na kidogo kwenye miguu, ambapo mlango unafungukia ndani. Wapi utaweka sanduku la nguo? Wapi mtoto wa pili atatandika mkeka? Tumeona kitanda kizuri cha libuyu ambacho kilikatwa miguu na msumeno ili kipite mlangoni, kisha wakakitundika juu ya matofali. Wenye nyumba walicheka walipotuonyesha. Nasi tulicheka. Lakini pesa ya libuyu ile ilikuwa jasho la miezi.

Yale ambayo hayasemwi dukani

Bwana akinunua peke yake, anaangalia ukubwa na rangi. Anataka kitanda ambacho jirani akichungulia ataona kwamba mwenye nyumba anafanya kazi. Hatumlaumu, mtu anayeshinda chini ya udongo anataka kitu kimoja kinachoonekana. Lakini mama anataka mambo mengine, na mengi yake hawezi kuyasema mbele ya muuzaji mwanaume. Njo maana duka la mashuka lenye mwanamke nyuma ya meza linauza zaidi, hata kama bidhaa ni zile zile.

Anataka kitanda kisichokuwa juu sana. Mwenye mimba ya miezi minane, aliyetoka kuzaa, mama mkwe mwenye magoti mabovu: wote wanahitaji kukaa pembeni ya kitanda na miguu ikanyage chini. Kutoka sakafu mpaka juu ya matela, santimetre 45 mpaka 50 inawafaa wengi. Seremala anapenda kufanya juu zaidi ili magunia yaingie chini, na ni kweli kwamba huku kwetu chini ya kitanda ni depo. Hapo ni kuongea mapema, kabla mbao haijakatwa.

Anataka shuka mbili za rangi ya kuiva kwa zile siku za mwezi, pamoja na ile ya maua ambayo bwana ameipenda. Anataka kitambaa cha mpira ao twalsire cha kuweka chini ya shuka, kwa ajili ya mtoto anayekojoa na kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu eponji ikisha kunywa damu ao mkojo haitoki tena, na harufu inabaki. Kipande cha twalsire ni bei ndogo sana karibu na bei ya matela inayookolewa. Anataka shuka nyepesi ya kwenda nayo kwenye materniti, maana wengi wanajua kwamba kule kitanda unakikuta na shuka unakuja nayo. Hayo yote mama anayaomba kwa sauti ya chini, kwa dada yake anayeuza: "Yaya, unipatie na ile ingine." Yaya anaelewa, anafunga ndani ya mfuko mweusi, hakuna mtu ameona.

Na swali kubwa kabisa ambalo muuzaji anatakiwa kuliuliza, kwa heshima, ni hili: nani anayelala pale? Kitanda cha bibi ya kreseri si cha watu wawili kila siku. Siku ishirini za mwezi analala yeye, mtoto mchanga, na mwingine wa miaka mitatu anayeogopa giza. Siku kumi bwana yuko. Wengine wana mdogo wao wa kike anayesoma mjini, ao watoto wa ndugu waliokimbia vita. Kwa nyumba kama hiyo, tumeona wauzaji wakishauri tano kwa sita moja kwa mama na tatu kwa sita moja kwa watoto badala ya sita kwa sita moja. Vikiwekwa sambamba mu chumba kidogo vinazidi, kwa hiyo kile kidogo kinaenda salon na mchana kinakuwa kiti. Bwana mwanzoni hafurahi. Alikuja kutafuta kile kikubwa. Lakini akiambiwa kwamba watoto watatoka kwenye kitanda cha mama, tumeambiwa kwamba uso wake unabadilikaka haraka sana.

Kuhusu kitambaa, tuseme kwa ufupi. Pamba inakunywa jasho, nailoni na poliesta zinateleza na zinachoma kwenye joto la Mangina, lakini zinakauka haraka na rangi yake inakaa. Ukitaka kujua unachonunua, omba uzi mmoja wa pembeni na uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa kama shanga ngumu. Zilizochanganywa zinafanya yote mawili. Si kwamba poliesta ni mbaya. Ubaya ni kuuziwa poliesta kwa bei ya pamba.

Matela nayo: mbili za ukubwa mmoja, inua zote. Iliyo nzito ina eponji iliyoshikamana, itaishi. Nyepesi itakuwa chapati kabla mtoto hajatembea. Bonyeza kwa ngumi, hesabu; kama alama inabaki, iache.

Watu wa Mangina wana sababu yao ya kuuliza matela imetoka wapi. Tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza Ebola ya Kivu ya Kaskazini, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa hapa, katika zone ya afya ya Mabalako. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa katika eneo lote lililoguswa. Matela na mashuka ya wagonjwa yalichomwa, kwa kuwa virusi vinakaa kwenye majimaji ya mwili na eponji haioshwi mpaka ndani. Familia zilisimama nje zikiangalia kitanda chao kikiwaka. Tangu hapo matela iliyotumika ni vigumu kuiuza Mangina, hata kwa bei ya bure. Mashuka ya mitumba bado yananunuliwa, lakini wamama wanayachemsha kwanza, na wana haki.

Kwa nyumba za wachimbaji kuna jambo lingine, nalo tunaliandika bila kuficha. Kuna papa anayerudi na zebaki ndani ya chupa, na anachoma dhahabu yake usiku ndani ya nyumba ili watu wasione. Moshi wa zebaki hauonekani. Unaingia kwenye mapafu, unakaa kwenye kuta, kwenye nguo, kwenye mashuka, na unaharibu zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni na wa mtoto mdogo. Nguo ya shimo isilale kwenye kitanda cha mama, isioshwe na shuka ya mtoto. Na ile kazi ya moto ifanyiwe mbali na nyumba. Hakuna shuka ya bei gani itakayorekebisha hiyo.

Biashara yenyewe inasimama juu ya mguu mmoja. Mama anaanza na pesa ya likelemba, ao mkopo wa AVEC yao, anapanda motari ao gari mpaka Beni ao Butembo, anarudi na mabalo mawili. Akikosea ukubwa amekufa. Shuka kumi za sita kwa sita kwenye mji wa vitanda vya nne kwa sita zitakaa miezi, na AVEC inadai kila juma. Kwa hiyo wale wa zamani wananunua hivi: nyingi za kati, chache za kubwa, na hawasahau zile ndogo za watoto ambazo hakuna mtu anazileta. Kabla ya safari wanapita kwa maseremala kuuliza mwezi huu wametengeneza vitanda vya ngapi. Seremala njo mwenye habari. Ni soko zima liko kwenye kitabu chake.

Tena kuna deni. "Mama, unipe, bwana atatuma pesa." Bwana yuko kwenye shimo, M-Pesa ao Airtel Money itakuja akipata. Wakati mwingine inakuja. Wakati mwingine risasi zinalia upande wa barabara ya Makeke, watu wa machimbo wanatawanyika, na kitabu kidogo cha madeni kinabaki na majina ambayo hakuna anayejua yako wapi. Wakati wa kukimbia utaona kitu: watu wanaacha kitanda, wanaacha meza, lakini matela inafungwa kwa kamba na kupandishwa kichwani ao nyuma ya moto. Ile ya nne kwa sita inakunjika na kubebwa na mwanamke mmoja. Ya sita kwa sita ya inchi kumi inabaki. Mteja mmoja wa kike akichagua matela ndogo kuliko pesa aliyonayo, muuzaji wa Mangina haulizi sababu.

Kuna sheria mbili ambazo wauzaji na wanunuzi wanapashwa kuzijua. Tangu sheria ya tarehe 15 ya mwezi wa saba 2016 iliyobadilisha Kanuni ya Familia, mwanamke mwenye ndoa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili afanye biashara na kutia sahihi. Na ile Kanuni ya 1987 inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na marehemu na kuendelea kutumia vyombo vya ndani. Kitanda ni chombo cha ndani. Shimo likianguka na kreseri akifa, kuna ndugu wanaokuja na kitoroli kabla ya matanga kuisha, kubeba matela "ya ndugu yetu". Sheria haiko upande wao. Ndiyo sababu baadhi ya wauzaji wa Mangina wanaandika risiti kwa jina la mama, hata kama aliyelipa ni baba, na wanamuuliza baba mbele yake kama anakubali. Wengi wanakubali. Mwenye kukataa naye amekwisha kujijulisha.

Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja mwenye buti za matope alikuwa ameshika shuka ya maua mekundu na mama wa duka alikuwa amemnyang'anya kwa upole, anairudisha kwenye furushi.

"Piga kwanza simu, mwanangu. Umuulize kikwembe kimefika fasi gani."

Akapiga. Tukasikia sauti ya mwanamke kwa mbali ikicheka, kisha ikanyamaza, ikaenda kutandika.